Nyuma ya Baiskeli ya Kazungu

Siku ya Jumanne, mwezi wa Julai mwaka wa 1946, nilimpoteza mume wangu Kazungu. Homa ilimshika Ijumaa akitoka kazini bandarini, na Jumanne ile, kabla ya adhuhuri, alikata roho. Tulimzika siku hiyo hiyo nyuma ya nyumba, karibu na mkorosho alioupanda mwenyewe.

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenitoa nilikokuwa. Jina lake na litukuzwe! Maneno haya nimeyaandika, na nitayasoma kama yalivyo, kwa sababu najijua. Nikisimama hapa bila karatasi nitalia, na mtakwenda nyumbani hamkusikia kitu.

Wengi wenu mnanijua. Kwa wageni, naitwa Dama, mke wa Kazungu, wa njia ya Mishomoroni. Mguu wangu wa kushoto ulinyauka nilipokuwa mtoto, kule kwetu Kaloleni, na tangu hapo hauna nguvu, unaning'inia tu. Sitaki mtu akae akingoja kusikia kwamba umepona. Haujapona. Mnauona. Ushuhuda wangu si wa mguu.

Kazungu alikuwa na baiskeli nyeusi ya kiume, ile yenye chuma cha juu. Kila Jumapili alinipakia kwenye keria tukaja hapa kanisani. Nilikaa upande, kama tukaavyo wanawake wote, na kwa kuwa mguu mmoja hauwezi kujizuia, alinizungushia leso kiunoni akaja kuifunga tumboni mwake. Fundo lilikuwa mbele, kwake. Hata nikisinzia nisingeanguka. Miaka yote ya ndoa yetu nilipita njia ile hivyo. Wakati wa kuja niliona mashamba ya upande mmoja, wakati wa kurudi nikaona ya upande wa pili. Mbele sikuwahi kuona. Mbele kulikuwa na mgongo wa Kazungu, na shati lake, na sauti yake akiimba nyimbo za kanisani huku pumzi zikimwishia. Wala sikujua kama kuna kitu ninachokosa.

Alipokufa, baiskeli iliegemezwa ukutani mwa nyumba, ndani, na hakuna aliyeigusa. Magurudumu yakaishiwa upepo. Mimi nilinyolewa kichwa nikavishwa kaniki nyeusi ya msiba, kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Kanisani sikuja tena. Ni kweli njia ni ndefu kwa mguu huu, lakini nisiseme uongo mbele ya madhabahu. Hata ingekuwa fupi nisingekuja. Sikumtukana Mungu, ndugu zangu. Nilinyamaza tu. Jioni nilikaa kizingitini nikajaribu kuomba. Nilisema, "Baba," na neno la pili halikuja. Nikaingia ndani nikalala. Kesho yake vivyo hivyo. Mtu akinisalimu niliitika, akiniuliza nilijibu, lakini ndani yangu palikuwa pamefungwa, kama nyumba ya watu waliohama.

Niliishi na mavyaa wangu, mama yake Kazungu. Nataka jambo moja lisikike: mama huyu si mtu mbaya. Msiba ulikuwa wangu na ulikuwa wake. Usiku wa kwanza wa matanga ni yeye aliyenilisha uji kwa mkono wake. Lakini hakuwa mtu wa kanisa, na alikuwa na hofu yake. Mimi sikumzalia Kazungu mtoto. Basi akajiuliza, mwanamke huyu kiwete, asiye na mtoto, atakaa hapa kwa jina la nani? Mimi nikizeeka nani atanitunza, na yeye akizeeka nani atamtunza? Kwa desturi yao njia zilikuwa mbili. Ama nirithiwe na shemeji yangu Karisa, mdogo wake Kazungu, ambaye ana mke na watoto. Ama nirudi kwa baba yangu Kaloleni, nyumba ibaki, na kaburi libaki.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kukaa katika nyumba ya Kazungu, nifagie kaburi lake, nisiwe mke wa mtu mwingine. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na sikuwa na nguvu ya kulisema.

Tena kwetu, kwa wasiojua, jambo hili halitangazwi kwa mdomo. Zamani mjane alionekana asubuhi akimfuata shemeji yake shambani, amembebea jembe, na watu wakajua. Siku hizi za baiskeli, alama ni keria. Mjane aliye bado ndani ya kaniki akionekana njiani amekaa nyuma ya shemeji yake, mambo yamekwisha. Amekubali kuwa wa nyumba ya yule anayeendesha. Wanawake watapiga vigelegele, na baada ya vigelegele hakuna wa kurudi nyuma.

Ndipo akaja Mwalimu wetu Yona kunitazama. Mwalimu, usiinamishe kichwa, nitasema mazuri yako. Alikaa kwenye kigoda akatueleza habari za siku ya baiskeli.

"Si mashindano," alisema. "Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila mwenye baiskeli aje nayo, afunge makuti juu ya keria, tutoke pamoja kanisani mpaka Junda, tukaezeke nyumba ya maombi. Asiyeweza kuendesha atapakiwa. Kipofu aje, kiwete aje, mzee aje. Watu wa Changamwe wamesema watakuja na wa Likoni pia. Mimi mwenyewe kuendesha sijui. Nitapakiwa na karani mmoja mnene, mniombee."

Mavyaa wangu, aliyekuwa akipepeta mchele, akaacha kupepeta. "Basi Dama atakwenda," akasema. "Karisa atampakia."

"Vizuri sana!" Mwalimu akasema, akapiga makofi. "Vizuri sana, mama! Na Karisa apewe nafasi ya mbele, watu wote wawaone."

Ndugu zangu, Mwalimu wetu ni Mtaita. Mambo yetu ya keria hakuyajua. Yeye alidhani amepata kondoo aliyepotea, kumbe alikuwa akiniozesha. Mavyaa wangu alimtazama kwa furaha kubwa. Alidhani kanisa limekubali.

Niliwatazama wote wawili, huyu anafurahi na yule anafurahi, na mdomo wangu uliokuwa umefungwa tangu Julai ukafunguka.

"Nitaendesha mwenyewe," nikasema.

Kisha mavyaa akasema, "Kwa mguu upi?"

"Kwa huu uliopo, Mama."

Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Wala simlaumu. Kule kwetu sikuwahi kumwona mwanamke akiendesha baiskeli, hata mwenye miguu yake yote miwili.

Sasa niwaambie juu ya jirani yangu, Bi Zuhura. Yeye ni Mwislamu na leo hayupo hapa, lakini Mungu alimtumia, na mimi sitamficha. Nilimwendea nikamweleza yote. Alinisikiliza akitafuna tambuu, akatema, akasema, "Mimi kuendesha sijui. Lakini nimeolewa na mtu wa ng'ombe, kusukuma najua. Twende."

Tuliitoa baiskeli ya Kazungu, tukaijaza upepo, tukawa tukienda nayo nyuma ya nyumba yake, alasiri, wanaume wakiwa hawajarudi. Alinipa suruali kuukuu ya mumewe nivae ndani ya kanzu yangu, maana baiskeli ya kiume na chuma chake haimstahi mwanamke. Kupanda ilikuwa shida. Tuligeuza kinu chake juu chini, nikakanyaga juu yake, nikapitisha mguu mbovu kwa mkono kama mtu anayepitisha kuni dirishani. Pedali ya kushoto tuliifungua tukaiweka kando, kwa sababu ilinipiga ugoko. Ikabaki ya kulia peke yake.

Hapo tukakwama. Mguu wa kulia ulisukuma pedali chini vizuri, ikafika chini, ikakaa. Hapakuwa na mguu wa upande wa pili wa kuirudisha juu. Nilianguka upande wa kulia, nikaanguka upande wa kushoto, na Bi Zuhura akianguka nami.

"Wallahi, Dama, utaniua, na watoto wangu watalelewa na mke mwenzangu!" alisema, akijifuta mchanga. Kisha akatulia akaitazama ile pedali. "Unajua shida yako? Mguu wako unajua kukanyaga, haujui kuvuta. Ufunge. Funga unyayo kwenye pedali, uivute juu mwenyewe."

"Niufunge kwa kitu gani?"

Hatukuwa na kamba nyororo. Nilitazama nguo niliyojitanda. Ilikuwa kaniki yangu ya msiba. Bi Zuhura aliona ninachotazama, akageuza uso. Hakusema fanya wala usifanye. Nilishika upindo nikauchana, utepe mrefu, nikaufunga unyayo wangu wa kulia kwenye pedali. Nikakanyaga. Nikavuta. Nikakanyaga tena. Gurudumu likazunguka.

"Angalia mbele!" Bi Zuhura akapiga kelele, akinishikilia nyuma ya kiti. "Chini huna ulichoangusha! Sasa nakuacha! Wallahi nakuacha, usije ukasema sikukwambia!"

Akaniacha. Nikaenda mpaka kwenye ua wa jirani, nikauingia.

Jioni ile mavyaa aliona kaniki imechanika. Akaushika upindo akaugeuza. "Panya hawa wana adabu," alisema. "Wamekula mstari ulionyooka."

"Si panya, Mama. Ni mimi. Nimefungia mguu."

Aliniachia nguo. Kaniki ya msiba haichanwi kabla ya siku yake, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Usiku nilisikia kupitia ukuta kwamba hakulala.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Nilitoka alfajiri, kungali giza, nikiisukuma baiskeli, nimeifanya gongo, nikipumzika kila penye kisiki. Nilipofika hapa uwanjani, ndugu zangu, nilitaka kurudi. Mlikuwa wengi! Nyinyi mliokuwapo mnakumbuka. Baiskeli zimejaa toka mlangoni hadi barabarani, na makuti yamefungwa nyuma kama mikia ya majogoo. Palikuwa na askari aliyerudi vitani bila mkono mmoja, usukani wake amefunga kipande cha gogo ili kiwiko cha mkono kipate pa kushikia. Palikuwa na mzee kipofu aliyepakiwa na mjukuu wake, na kazi yake ilikuwa kupiga kengele. Alipewa kengele aishike mkononi, akaipiga njia nzima, penye mtu na pasipo mtu. Vijana wa reli kutoka Changamwe walikuwa wametengeneza kigari cha magurudumu matatu kwa mbao za sanduku, wakamweka ndani mama mmoja asiyeweza kusimama, naye alikuwa akiwatukana kwa jinsi walivyomkalisha.

"Nyinyi watu wa bara!" kijana mmoja wa Kisauni aliwaambia. "Huku hakuna milima, mkitafuta milima rudini kwenu!"

"Hakuna milima, lakini kuna nyinyi," wakamjibu. "Kuwangoja ninyi ni mlima tosha."

Kisha wakaniona mimi, kaniki yangu, kichwa changu kilichonyolewa, suruali ikichungulia chini ya kanzu. Kicheko kikapita. Mmoja akasema, "Mama, pedali yako nyingine imesahauliwa nyumbani." Nikamjibu, "Na mguu wake pia, mwanangu." Hapo yule kijana mwenyewe akaja kunishikia baiskeli nikapanda kutoka kwenye ngazi ya kanisa.

Karisa alikuwa nyuma yangu. Alikuja na baiskeli yake na keria tupu, hata kuti moja hakufunga. Nilielewa. Mama yake alikuwa amemwambia anifuate. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba nikianguka siwezi kupanda tena bila kinu, wala ngazi, wala mtu. Nikianguka kando ya njia, keria iliyo tupu itakuwa moja.

Mwalimu alituombea akiwa tayari amekaa nyuma ya karani wake, amemkumbatia. Tukaondoka.

Ndugu zangu, sijui niseme vipi. Niliiona njia. Niliipita njia ile miaka mingi na sikuwa nimeiona. Kumbe ukitoka hapa kwenda Mishomoroni njia inapinda, na kabla ya kupinda inaonekana kama imekwisha, halafu inafunguka. Mwili wangu ulikuwa ukijua pale pa kuinama na pale pa kurushwa, ila macho yangu hayakujua. Nilitazama mbele, na mbele hapakuwa na mgongo wa Kazungu. Palikuwa na njia tu, na migongo ya watu wengi, na makuti yakitikisika, na kengele ya yule mzee. Machozi yalinitoka nikiwa ninaendesha. Sikuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa kwenye usukani. Nilimlilia Kazungu kuliko nilivyomlilia siku ya maziko. Lakini mguu haukusimama. Ulikanyaga ukavuta, ukakanyaga ukavuta.

Nilifika Mishomoroni. Nilifika mpaka Magogoni! Na pale Magogoni, penye mchanga mzito, ninyi mnapajua, gurudumu la mbele likazama. Nilianguka upande wa kulia, mguu wenye utepe chini ya baiskeli, nikalala pale nimefungwa kwenye pedali kama kuku wa sokoni.

Watu wakasimama. Karisa akateremka. Akaja akainama akafungua utepe, akaniinua nikakaa mchangani. Na baiskeli yake ilikuwa imesimama pale pale, na keria yake tupu, na kila mtu wa kwetu aliitazama ile keria. Mwanamke mmoja wa ukoo wao akasema, "Basi panda, Dama. Umejitahidi. Shemeji yako yupo." Na mwingine, nyuma yake, nikamsikia akivuta pumzi. Pumzi ile ya mtu anayetaka kupiga kigelegele.

Hapo ndipo nilipoomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, "Baba, nimechoka." Tangu Julai lile ndilo neno la pili nililopata. Baba, nimechoka. Basi. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Nasema lile tu lililotokea. Lilitokea hivi: moyo wangu uliokuwa ukipiga kwa hofu ukatulia, nikaweza kuinua macho nikamtazama shemeji yangu usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba.

Nikamwambia, "Karisa, mimi sipandi. Siyo kwa kuwa wewe ni mbaya. Lakini sikuulizwa."

Akakaa mchangani kando yangu. Mtu mzima, mbele ya watu wote, akakaa. Akasema polepole, "Hata mimi sikuulizwa, shemeji."

Ndugu zangu! Miezi yote ile nilimwogopa, nikimwona amekuja mlangoni nikijificha jikoni. Kumbe naye alikuwa akija kwa kutumwa, na akirudi kwake mke wake hamsemeshi. Tulikuwa watu wawili ndani ya shimo moja, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyelichimba.

Karisa akasimama akajikung'uta. Akaiendea baiskeli yangu, akafungua makuti yangu, akayaweka kwenye keria yake. Kisha akamwendea yule mwanamke aliyesema panda, akachukua na ya mumewe. Akamwendea askari wa mkono mmoja, akachukua ya kwake. Akawa anazunguka, "Leteni, leteni, nyinyi si mmechoka? Leteni makuti!" akiyapanga na kuyafunga, mpaka keria ikawa kama paa lenyewe limepanda baiskeli.

"Haya," akawaambia watu wa kwetu, akipumua. "Keria yangu imejaa. Hapa hapana pa kukaa mtu. Mwenye kigelegele chake akipeleke Junda."

Vijana wa Changamwe, ambao hawakujua hata tunazungumza nini, wakapiga makofi kwa ajili ya ule mzigo. Yule mama aliyekuwa amekwisha kuvuta pumzi akaitoa polepole.

Kisha Karisa alipiga goti mchangani, akaishika baiskeli ya kaka yake isimame wima, akanionyesha paja lake. "Kanyaga hapa," akasema. Nikalikanyaga kama nilivyokanyaga kinu cha Bi Zuhura. Nikaufunga mguu. Akanisukuma mpaka mchanga ulipokwisha, akaniacha, akarudi kwenye mzigo wake.

Tulifika Junda wa mwisho, mimi na yeye. Mwalimu alikuwa ameagiza kwamba aliyetangulia amngoje anayefuata, na kweli hawakuwa wamegusa hata fito moja. Walikuwa wamekaa chini ya miti wakitungoja, na karani mnene amelala kifudifudi. Karisa akapanda juu kuezeka. Mimi nilikaa chini nikiwapokeza makuti, moja baada ya jingine, na nilipowapokeza niliimba. Sikujua kwamba ninaimba mpaka Mwalimu aliponitazama.

Ndugu zangu, hivi ndivyo alivyonifungua Bwana. Kazungu hajarudi. Mguu haujapona. Jumanne bado nalia. Lakini nyumba iliyofungwa ndani yangu imefunguliwa mlango, na ninaomba, hata kama maneno yangu ni machache. Nawe uliyefiwa, uliyekaa hapa leo huku umenyamaza ndani yako, sikuambii uache kulia. Nakuambia mpe hata neno moja. Usingoje mpaka upate sala nzuri. Mwambie umechoka. Anasikia hilo nalo. Mimi alinisikia nikiwa nimelala mchangani, mguu umefungwa kwenye pedali, na akanijibu kupitia mtu niliyekuwa nikimkimbia. Mtegemee! Nasema kwa kuwa nimeona. Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Zuhura, namshukuru Mwalimu, namshukuru Karisa mbele yenu nyote, na mke wake pia.

Limebaki moja, na ni la leo.

Nilipotoka Junda siku ile nilidhani mavyaa atanifukuza. Karisa aliingia akazungumza na mama yake, mlango umefungwa. Sijui alimwambia nini, sikuuliza. Mama hakunifukuza. Alipika, alikula, alitazama ile baiskeli. Siku moja nilimkuta akiifuta spoku kwa kitambaa.

Leo asubuhi Karisa alikuja kunishikia nipande, kama alivyoahidi. Kinu kilikuwa tayari. Nilipokwisha kukaa, nimefunga mguu, mavyaa akatoka ndani amevaa leso zake za sanduku. Akaja nyuma ya baiskeli, akamwambia mwanawe, "Nishike, nisianguke," akakaa kwenye keria, upande, kama tukaavyo. Mwepesi, ndugu zangu, kama ungo. Kisha akatoa leso ya tatu, akanizungushia kiunoni, akaja kuifunga kwake.

"Mama," nikamwambia, "fundo lilikuwa mbele."

"La Kazungu lilikuwa mbele," akasema. "Mimi fundo nitalishika mwenyewe. Twende."

Karisa alitusukuma, akatufuata. Penye mchanga tuliteremka tukatembea, na pale njia inapopinda tulianguka kidogo, si sana. Mavyaa akanishika mkono tukainuka, Karisa akatushikia baiskeli, na Mama akapanda tena nyuma yangu. Yuko pale nyuma karibu na mlango, ndugu zangu. Msimgeukie wote, atakasirika.

Tulipofika hapa nje mlikuwa bado mnaingia, na watu wa kwetu wamesimama uwanjani, pamoja na yule mama wa vigelegele. Nikaegemea ngazi ya kanisa nikamwambia, "Tumefika, Mama. Fungua leso tuingie."

Hakuifungua. Alikaa vile vile nyuma yangu, wima, leso imekaza.

"Ngoja," akasema. "Waache watuone kwanza."